Mkato wa Pangoni

Vigelegele vya siku ile nilipigiwa mimi. Mzee Kihwele, mwenyekiti wa mji, alinishika mkono akauinua juu mbele ya watu, na ukumbi mzima wa Pangoni ukalipuka kwa shangwe. Kwenye kioo cha ukutani nyuma yetu nukta za watu, moja kwa kila mtu, zilikuwa zimetulia, nusu za njano upande wa Mashariki, nusu za buluu upande wa Magharibi. Kati yazo nyuzi za mapenzi ya watu zilizokatika zilikuwa chache kuliko tulivyothubutu kuomba.

"Angalieni wenyewe!" Kihwele akapaza sauti. "Mji unapasuliwa vipande viwili na hasara yenyewe ni hii tu! Huyu Mngoni leo amefanya kazi, ingawa kwao kazi wanayoijua ni kukimbia vita."

"Afadhali sisi tunaokimbia vita," nikamjibu, "kuliko nyie Wahehe mnaokimbiza mbwa na sufuria mkononi."

Watu wakacheka hadi wengine wakajishika mbavu. Mimi pia nilicheka. Sasa nikikumbuka natamani kujizaba kibao, maana kosa lote lilikuwa pale, linatoka midomoni mwetu, na hakuna aliyelitambua.

Pangoni ni mji wa chini ya mlima. Babu zetu waliuchimba jua la huko juu lilipoanza kubabua ngozi za watoto. Wangoni waliingilia upande wa Songea, Wahehe wakaingilia upande wa Iringa, wakakutana katikati kwenye njia nyembamba tunayoiita Shingo. Tangu hapo tumeoana, tumezikana, na tumetukanana kila siku ya Mungu. Sasa gesi ya sumu ya mlima ilikuwa imepata ufa hapo hapo Shingoni. Dawa ilikuwa moja tu: kuijaza Shingo zege kutoka mwanzo hadi mwisho, pasibaki tundu hata la kupitisha waya. Redio haipiti kwenye mwamba ule. Kila upande ungebaki na mashine yake ya hewa inayotosha nusu ya watu, basi. Nilipomuuliza fundi wa miamba njia itachimbwa tena lini, alinijibu, "Labda wajukuu zako, dada Eufrasia, wakipata mashine nzuri."

Nani aende wapi? Hilo tuliwahi kuwaachia watu wenyewe, tulipoifunga sehemu ya Kaskazini. Kilichotokea langoni sitaki kukisimulia kirefu. Huyu alimvuta kaka yake, yule akamsukuma mkwewe arudi, wengine wakabadilishana nafasi na kugeuka na kubadilishana tena, na lango likakosa kufungwa kwa wakati. Mume wangu, Luvanda, alifia kwenye usukani wa lango akijaribu kulifunga. Baada ya matanga baraza zima lilikula kiapo: mkono wa mtu usiguse nukta. Mashine itafute mkato wenyewe, ule unaokata nyuzi chache na nyembamba kuliko mikato yote, na itakavyosema ndivyo itakavyokuwa.

Mashine hiyo nilikuwa naiendesha mimi.

*

Nilifika nyumbani nikiwa bado na furaha ya kijinga. Mama yangu, Bibi Ludgera, alikuwa amekaa kwenye kigoda akifunga nguo zake kwenye kanga. Wendelina, mwanangu, mwenye miaka kumi na ulimi wa miaka hamsini, alikuwa amesimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Nenda, nenda Magharibi," Wende alikuwa akimwambia. "Tutapumua huku. Ukikoroma wewe feni zote zinaona aibu."

"Mke mwenzangu, funga bakuli lako," mama akasema. "Nitampata mume mpya huko, wewe ubaki na vibabu vya Kihehe visivyo na meno. Mtoto gani huyu, hata mbwa akikuona anaficha watoto wake!"

"Bibi Mngoni mkimbizi!"

"Mhehe wewe, mla mbwa!"

Nilizoea. Baba yake Wende alikuwa Mhehe, mama yangu ni Mngoni wa Peramiho, kwa hiyo mtoto na bibi walikuwa watani mara mbili, kwa ujukuu na kwa kabila. Walianza alfajiri na kumaliza usingizini. Lakini safari hii, mama alipoinama kukaza fundo la kanga, mikono yake ikagoma. Wende akapiga magoti amsaidie. Wakabaki wameshika fundo lile wote wawili bila mmoja kulifunga, kisha mtoto akaweka kichwa mapajani kwa bibi yake na kuanza kulia kwa sauti.

"Eufrasia," mama akaniita bila kunitazama. "Mashine yako inasema inakata nyuzi nyembamba. Mimi na huyu mtoto tumeikosea nini?"

Nikamwambia nitaangalia, nikatoka karibu ninakimbia.

*

Chumba cha mashine kiko Mashariki, nyuma ya feni kubwa. Mwenzangu Egno Mapunda alikuwa humo akizima mitambo. Pangoni nzima sisi wawili tu ndio tunaojua mashine za hewa na za hesabu, na kwa sababu hiyo sheria ilitutaka tukae pande tofauti. Mkewe Egno anasafishwa damu kwa mashine ya figo iliyofungwa kwenye mwamba wa Magharibi, haiondoki. Kwa hiyo Egno alikuwa wa Magharibi na mimi wa Mashariki kabla hata ya hesabu kuanza.

"Usizime, kaka," nikamwambia. "Nionyeshe uzi wa mama yangu na Wende."

Akauvuta. Uzi uliotokea kwenye kioo ulikuwa mwekundu. Niliusogelea nikafikiri macho yangu yamechoka, maana nyekundu ni rangi ya uadui. Uzi wa kawaida, wa kijani, huwavuta watu wawili wakae pamoja, na mashine ikiukata inahesabu hasara. Uzi mwekundu huwasukuma mbali, na mashine ikiukata inahesabu faida. Kwa mujibu wa mashine, maadui wakubwa kupita wote Pangoni walikuwa mama yangu na mwanangu.

Nilicheka. Wallahi nilicheka peke yangu.

"Lete Kihwele na Mzee Mbano," nikasema.

Mwekundu. Hao wazee wawili, mmoja Mhehe mmoja Mngoni, hunywa uji kikombe kimoja na hawajawahi kuitana kwa jina la heshima hata mara moja. Tukaleta wengine. Mwekundu, mwekundu, mwekundu. Egno akazifungua nyuzi zote nyekundu kwa pamoja na ukuta mzima ukawaka.

"Yesu na Maria," akasema. "Utani."

Naomba nieleze kidogo, wala si vigumu. Kazi yetu ilikuwa na hatua mbili. Ya kwanza ni mtandao wa neva, hesabu inayojifunza kwa mifano kama ubongo, ambao kazi yake ni kupima unene wa kila uzi. Kuta za Pangoni zina vinasa sauti tangu zamani, viliwekwa kusikiliza watu waliofukiwa na mawe. Tuliupa mtandao maneno ya vinasa hivyo, na wenyewe ukapima nani anampenda nani. Sasa mtandao huo hatukuufunza sisi. Tuliurithi umeshafunzwa huko nje, na watu ambao wakipendana huambiana maneno matamu na wakitukanana hupelekana mahakamani. Na mji wetu ulivyosikia kwamba kuta zinasikiliza, mweh! Watu waliokuwa hawasalimiani wakaanza kuitana "kipenzi changu". Mama mmoja alimwimbia mkwewe, mkwe mwenyewe akakimbilia chooni. Kila mmoja alijipaka asali ili apangwe anakotaka. Watani tu ndio hawakubadilika, maana nani angefikiri kuwa utani unahitaji kufichwa?

"Lakini watu huwa wanacheka," nikasema. "Ukimtania mtu anacheka. Mtandao haukusikia vicheko?"

Egno akafungua chujio na kulisoma, na uso ukamshuka. Vicheko vilikuwa vinachujwa kama kelele, vinatupwa pamoja na mngurumo wa feni. Mtandao ulipewa matusi matupu.

Hatua ya pili haikuwa na kosa, na hilo ndilo lililotutia hofu. Mashine inatafuta mkato kwa namna ya mhunzi anayepoza chuma. Mwanzo kuna joto kali, na nukta zinarushwa huku na huku ovyo, hata mabadiliko mabaya yanakubaliwa, ili hesabu isinase mapema kwenye jibu la hovyo. Kisha joto linashushwa polepole, mabadiliko mabaya yanakataliwa zaidi na zaidi, mpaka kila nukta inaganda mahali pake. Ukipoza haraka unapata chuma cha kuvunjika. Sisi tulikuwa tumepoza kwa subira, vizuri kabisa, na mashine ilikuwa imepata jibu bora la swali la uongo. Wahehe karibu wote walikuwa Mashariki. Wangoni karibu wote walikuwa Magharibi. Mji uliofungwa kwa utani ulikuwa umepasuliwa kwenye utani wenyewe, na sisi tukapiga vigelegele.

"Tugeuze," Egno akasema. "Tusi likifuatwa na kicheko cha aliyetukanwa, uzi uwe wa kijani. Tupoze jaribio moja la harakaharaka tuone."

Tukafanya hivyo. Nyuzi nyekundu zikageuka kijani na kunenepa, nyingi zikawa nene kuliko za ndugu wa tumbo moja. Nukta zikaruka, zikapungua kuruka, zikatulia. Kihwele alikuwa na Mbano. Bibi Ludgera alikuwa na Wende.

Walikuwa Magharibi.

*

Nilikaa chini sakafuni. Egno alirudia jaribio bila kuniuliza. Akarudia tena. Mama yangu ni mtani wa nusu ya mji, nyuzi zake zote zilizama Magharibi na hazikung'oka, na mtoto alimfuata kila mara.

"Na uzi wangu na Wende?" nikauliza.

Hakutaka kunionyesha. Niliinuka nikauvuta mwenyewe. Ulikuwa wa kijani, sawa, lakini mwembamba wa kutafuta kwa macho. Nikafungua maneno yaliyoupima. *Umekula? Nimekula. Umeoga? Ndiyo mama. Haya lala.* Kesho yake hayo hayo, na kesho kutwa. Natoka nyumbani taa za mchana zikiwashwa, narudi zikizimwa. Nikimkuta amelala namfunika shuka, nakaa pembeni ya kitanda chake nikimtazama anavyopumua mpaka miguu inakufa ganzi. Kinasa sauti gani kitasikia hilo?

Baraza lilikuwa limefunga pamoja nukta za mume na mke, na za mtoto ambaye hajaanza kung'oa meno ya utoto na mama yake. Lisingeweza kufunga zaidi, la sivyo mji wote ungekuwa fundo moja lisilokatika. Wende alikuwa ameshaanza zamani. Alikuwa nukta yake mwenyewe.

Basi mambo yakawa wazi mbele yangu. Nikikaa kimya, mkato wa kwanza unabaki. Mwanangu anabaki kwangu. Nampoteza mama, sawa, mama ni mzee, kila mtu humpoteza mama. Wahehe wanabaki peke yao huku, Wangoni peke yao kule, na hakuna atakayejua mpaka msiba wa kwanza uingie. Nikisema, mji unapona na mimi nabaki na kitanda kitupu.

Egno alikuja akasimama karibu yangu, akasema kwa sauti ya chini, "Mama Wende, kuna njia ya tatu. Uzi wako umepunjwa, kama vile wa watani ulivyopunjwa. Uongeze kidogo tu. Mtoto atahama, na bibi yake huenda akamfuata. Mimi nageukia ukuta, sijaona kitu."

Na kweli akageuka. Mwanamume mzima akageukia ukuta kama mtoto aliyeadhibiwa.

Niliweka kidole kwenye kitufe. Siongopi, nilikiweka, na nilikiacha hapo. Nani angenilaumu? Uzi ule ulikuwa mwembamba kwa uongo! Mashine iliyosikia utani ikauita uadui, ukimya wangu nao si iliuita kutojali? Kosa ni lile lile. Nilikuwa na haki.

Lakini Pangoni imejaa mama wa namna yangu. Kuna wa pampu, kuna wa dobi, kuna wale wanaokata mawe wanaorudi watoto wameshalala. Kila mmoja ana shuka lake alilomfunika mtu. Kicheko tulikuwa nacho, kilinaswa, kilipimika kwa wote sawasawa. Shuka halikunaswa la mtu yeyote. Ningeongeza uzi wangu kwa kiasi gani, na wa mwenzangu kwa kiasi gani? Na nikihamisha nukta ya Wende, upande unaelemewa, lazima mtoto wa mtu mwingine aende kule badala yake. Mama yake angekuwa nani? Nilijikuta naanza kumtafuta kwenye kioo, mtoto wa kumtoa. Nilipata hata jina. Hapo ndipo nilipojiogopa, nikaondoa kidole.

Nilimkumbuka Mzee Mbano siku tuliyomzika Luvanda. Nilikuwa nimekaa siku nzima mkavu, sili, silii. Mbano akaingia amevaa buti za marehemu na kofia yake, akatembea ukumbini kwa ule mwendo wa Luvanda wa kuburuta mguu, akasema kwa kigugumizi chake, "Eu-Eu-Eufrasia, mboga iko wapi?" Watu waliguna. Mimi nikacheka, na kicheko kikafungua njia, nikalia mpaka nikapona nusu. Ile ni kazi ya mtani. Ndugu haruhusiwi, rafiki hathubutu.

"Geuka, kaka Egno," nikasema. "Twende kwa baraza."

*

Nilisimama ukumbini nikalieleza baraza habari ya utani na vicheko. Nilipoonyesha uzi mwekundu wa Kihwele na Mbano, wazee wale wawili walitazamana.

"Kwa hiyo mashine inasema nakuchukia," Mbano akasema.

"Nakuchukia kweli," Kihwele akajibu. Akajifuta uso kwa kofia yake.

Halafu makelele yakaanza. Wengine walikuwa wameshahama na vyombo vyao. Wengine walikuwa wamefurahia walikopangwa na hawakutaka kusikia habari ya mkato mpya. Fundi wa gesi alisimama akasema kipimo cha Shingoni kimepanda tena, tunapoteza muda, zege lishachanganywa. Kijana mmoja alinipigia kelele kwamba najitafutia nafasi nzuri. Nilimwambia njoo utazame nafasi yangu, mwanangu, halafu unifundishe kujitafutia.

"Mama Wende," Kihwele akaniita. "Unachosema, umeshakijaribu?"

"Nimejaribu."

"Na binti yako?"

"Magharibi. Na mimi Mashariki."

Yule kijana alikaa. Kihwele alinitazama muda, mzee wa watu, akatafuta la kunitania na hakulipata.

"Mpaka taa za mchana zizimwe," akasema. "Poza polepole. Ikishaganda, hatutakuwa na mjadala."

Tulipoza polepole. Kupoza polepole huweza kutua mahali ambapo jaribio la haraka halikufika, na mimi niling'ang'ania hilo kama mgonjwa anavyong'ang'ania jina la dawa. Nilisali. Nilimwahidi Mungu mambo ambayo hata yeye alijua siyawezi. Nukta zilipoganda, watu walianza kujitafuta ukutani, wengine wakakumbatiana, wengine wakaanguka. Mimi sikuhitaji kutafuta. Mama yangu alikuwa ameshasimama, anapiga fimbo chini.

"Mashine ya kishenzi!" akapiga kelele. "Mimi nimeshakula chumvi nyingi, niacheni popote! Mtoto mpelekeni kwa mama yake! Kihwele, sema kitu, Mhehe mpumbavu wewe!"

Kihwele akavua kofia.

"Ludgera," akasema, na ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akimwita mama kwa jina lake. "Mkono wa mtu usiguse nukta."

*

Shingoni palinuka zege bichi na watu wengi. Fundi wa gesi alisimama na kipimo chake akisema harakisheni, harakisheni. Familia zilikuwa zinaachana kwenye mstari uliochorwa sakafuni, na waliokwisha kuvuka hawakuruhusiwa kurudi. Mama alinikumbatia kwa nguvu nisizojua kuwa anazo, kisha akavuka haraka na kunipa mgongo, ili asimwonyeshe mtoto uso wake.

Wende hakunikumbatia. Alisimama mbele yangu na begi lake.

"Ni kweli uzi wangu na wewe ni mwembamba?" akauliza.

"Nani kakuambia?"

"Kila mtu anajua inakata nyuzi nyembamba. Ni kweli?"

Ningeweza kumdanganya. Mtoto wa miaka kumi, ungemwambia chochote. "Kweli," nikasema. "Niliuona. Ni mwembamba."

"Ungeweza kuunenepesha?"

"Ningeweza."

"Mbona hukufanya?"

"Angetolewa mtoto wa mtu, Wende."

"Mimi si mtoto wa mtu?" Akalitupa begi chini. "Mimi ni nani? Wewe huwa husemi kitu! Unarudi umechoka, unaniuliza umekula, umekula, kama mimi ni mbuzi! Mimi nilikuwa nasubiri. Siku nyingine nilikuwa sijalala, najifanya nimelala ili unifunike!"

"Ulikuwa macho?"

"Kila siku!"

Jamani. Nilipiga magoti pale pale kwenye matope ya zege. Nikaanza kusema. Nilimwambia yote, kwa fujo, bila mpangilio: kwamba nilikuwa namhesabia pumzi, kwamba anapumua kama baba yake, kwamba nilipomzaa nilimwogopa kwa jinsi alivyokuwa mzuri, kwamba mimi ni mjinga, mjinga wa mwisho, nilifikiri kazi ndiyo mapenzi. Alinipiga mabegani kwa ngumi. Alisema hatanisamehe. Nikamwambia usinisamehe, lakini usikie. Akasema nasikia. Akasema na yeye yake, maneno ya miaka yote, mengine sikuyaelewa kwa kilio. Tulipayuka wote wawili mpaka fundi wa gesi akaja kututenganisha kwa mikono yake, mwanamume mkubwa vile naye analia.

"Mama!" Wende aliita kutoka upande wa pili. Alisema na kitu kingine, lakini pampu ya zege ilikuwa imeshawashwa.

*

Nilirudi chumba cha mashine kwenda kuizima. Hakukuwa na sababu ya kuiacha ikila umeme. Egno alikuwa ameacha koti lake kwenye kiti. Kioo kilikuwa bado kinawaka, na nyuzi za mji zilikuwa zinatetemeka kidogo, maana vinasa sauti havikuwa vimekatwa. Hakuna aliyekumbuka kuvikata. Vilisikiliza mpaka Shingo ilipojaa.

Niliutafuta uzi wangu na Wende. Nilifikiri nimekosea jina, nikauvuta tena. Ulikuwa mnene. Ulikuwa umepita wa bibi yake, umepita wa Kihwele na Mbano, haukuwa na mwenzake Pangoni nzima. Kelele zote tulizopigiana pale chini, lawama, kilio, mapenzi tuliyoungama, mtandao ulikuwa umezisikia na safari hii umezielewa.

Nilikaa. Upande wa pili wa mwamba zege lilikuwa linaendelea kushika. Sijui nilichokuwa nakitaka. Niliwasha joto, nikaiacha mashine ianze upya, na nukta zikarushwa kila upande. Nilimtazama mwanangu tu. Alikuwa anaruka, Magharibi, Mashariki, Magharibi tena, na joto likaanza kushuka. Alipotua Mashariki, kwangu, nikazima umeme.